Timu Yangu Niliikuta kwa Njeri
Nina miaka ishirini na sita, ni karani hapa Thika, na mwezi uliopita nilikuwa mchumba wa mtu. Haya ninayowaandikia, wasomaji wenzangu, yamenitoa machozi hata nikiwa kazini...

Mjomba wangu alipofunga ofisi yake ya kupiga chapa aliniachia kompyuta. Ilikuwa ya kuandikia barua tu, na mimi nilitaka gemu. Ndiyo, msichana mzima! Gemu ya mpira naipenda kuliko kusukwa nywele. Basi akaja Kariuki, fundi wa kompyuta kutoka Ruiru, na mambo ya kompyuta yakazaa mambo ya mapenzi.

Kila Jumapili tukitoka kanisani tulikaa sebuleni tukipanga cha kubadilisha. Mimi nilitaka kadi ya picha kwanza, maana wachezaji walikuwa wanakwamakwama uwanjani. Yeye akasema tuanze na memori. Halafu prosesa. Halafu hadi diski, ile inayohifadhi kila kitu, ambayo alisema imekufa kabisa na timu niliyoiunda kwenye gemu imekufa nayo. Nililia siku hiyo, haki ya Mungu, na yeye akanibembeleza.

Kila alichotoa alikifunga kwa gazeti akaenda nacho. Baba yangu ni dereva wa lori, na makanika akimbadilishia kitu lazima kile kikuukuu kirudi mkononi mwake, akione kama kweli kimeharibika. Nimeyaona hayo tangu utotoni. Lakini utamdai vipi mtu anayeleta mbuzi kwenu? Niliona ni kumkosea heshima.

Na mbuzi walikuwa wanakuja kweli. Wazee walishaalikwa nyumbani Murera kwa ruracio, mahari yangu ijadiliwe. Mama akanituma nishonewe nguo ya siku hiyo, na rafiki yangu wa kwaya akanielekeza kwa Njeri, mshonaji wa Ruiru anayefanyia kazi nyumbani kwake.

Njeri ni mkarimu, jamani. Alinipa chai akaniambia nisubiri amalizie pindo. Kwenye kona kulikuwa na kompyuta imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nikamuuliza kama ina gemu. Akacheka, akasema nicheze tu, yeye hajui hata pa kuanzia. Mchumba wake ndiye aliyemuundia, leo hiki kesho kile.

Nikaiwasha. Gemu ya mpira ikaniuliza kama nataka kuendelea na mechi niliyoiacha. Timu iliitwa Murera Queens... Timu yangu! Wachezaji wote wana majina ya binamu zangu, niliwaandika mimi mwenyewe mmoja mmoja. Ile hadi diski iliyokufa ilikuwa hai, iko nyumbani kwa mwanamke mwingine.

Nikamuuliza Njeri mchumba wake ni nani. "Anaitwa Kariuki," akasema. "Akimaliza kujipanga anakuja kwetu kuniposa."

Ningemficha nini, na yeye hakunikosea? Nikamwambia nguo aliyoshika ni ya kumpokea Kariuki kwetu. Aliiweka chini polepole. Tulilia pamoja, mpaka chai ikapoa.

Nilipomkabili Kariuki hakukana. Alisema mimi nilipewa vipya, Njeri akapewa vikuukuu, sasa nalalamikia nini? Eti sina shukrani! Vipya vyenyewe nilinunua kwa mshahara wangu, huku nikila sukuma wiki tupu. Na kile kilio changu juu ya timu... alikuwa anakibembeleza akijua anakopeleka kile kifurushi. Hapo ndipo nilipovunjika moyo.

Dada zangu mnaosoma, msinyamaze kwa sababu mtu ameahidi kuja kwenu na wazee. Uliza. Shika vitu vyako, ukague. Akinuna, heri anune mapema. Mimi niliogopa kumuaibisha Kariuki, na wiki hii nzima mama yangu amekuwa akitembea Murera, boma kwa boma, akiwaambia wazee wasije.