Glavu Moja ya Bwana Harusi

Jumamosi hiyo jumba la makumbusho la Utrecht lilifurika watu waliokuja kuchora bure. Hiske alikuwa amebanana nao mbele ya picha ya zamani ya maharusi, bwana akiwa na kola nyeupe pana kama sinia. Mara kijana mwenye sweta ya rangi ya haradali akaikanyaga raba yake ya kufutia.

"Samahani, dada. Lakini mbona huyo uliyemchora ana vidole kumi na moja?"

"Kimoja ni cha glavu, wewe! Zamani mwanamume akichorwa ameshika glavu, ujue ameposa."

"Na bibie, mkono kifuani?"

"Anaahidi uaminifu."

"Mimi nilidhani kiungulia."

Hiske alicheka mpaka mlinzi akamkazia macho. Kijana aliitwa Wilbert, mtu wa Brabant kusini, Hiske wa Friesland kaskazini, na baridi ile yote kila Jumamosi walikaa bega kwa bega. Hiske alimpenda, tena sana, ila kazi ilikuwa kumwambia.

Siku moja akamwambia, "Lete mkono nikuchore."

Wilbert akanyoosha wa kulia. Kwenye kidole cha pete iling'aa dhahabu ambayo juma lililopita haikuwepo! Hiske akakusanya penseli zake, akaondoka bila kuaga. Alilia kwenye baiskeli njia nzima.

Jioni simu ikaita.

"Mpenzi, nimekosa nini?"

"Muulize mkeo!"

"Mke yupi tena?"

"Aliyekuvisha pete mkono wa kulia!"

Wilbert akaangua kicheko. "Nyie Waprotestanti wa Friesland mtaniua! Ya ndoa nyie mnavaa kulia, sisi Wakatoliki kushoto. Hii ni ya marehemu babu, sonara kanipunguzia juzi tu. Mikono ya wafu wa pichani unaisoma, yangu mimi mzima imekushinda?"

Hiske aliona aibu, akaona na raha.

Jumamosi iliyofuata alimkuta Wilbert amesimama chini ya picha ile ile, kidevu juu, ameshika glavu moja nyekundu ya sufu. Watu waliacha kuchora.

"Nyingine iko wapi?" Hiske akauliza.

"Nimeisahau kwenye treni. Usinivuruge, nimejipanga tangu asubuhi."

Hiske akaweka mkono kifuani polepole, akautuliza hapo.

Wilbert akaishusha glavu. "Hiske... hicho si kiungulia?"

"Si kiungulia, mjinga wangu."