Kura ya Mkuu wa Kitivo

"Kura iliyoniangusha ilikuwa yako?"

Profesa Burulkan hakuinua jicho kutoka kwenye hadubini. Kubat alikuwa amesimama mlangoni, mabega yamelowa theluji.

"Funga mlango, Kubat."

"Ili makarani wasisikie kwamba unaniita Kubat, si Kubatbek?"

Akaufunga hata hivyo. Jana, wanajopo kumi na watano walipiga kura ya siri juu ya tasnifu yake kuhusu maua ya tulipu mwitu ya milima ya Alai. Alihitaji kumi. Alipata tisa.

"Ilikuwa yangu. Lebo za sampuli za ua lako la manjano zinasema lilitoka mteremko wa kusini. Kusini haliishi, jua lingelikausha. Uliziandika kambini, kwa kukumbuka."

"Mvua ilikuwa inanyesha."

"Siku za mvua kila mtu huandika kambini. Hata mimi niliwahi."

"Basi ungeniambia! Jumapili ulikuwa jikoni kwangu, unakunywa chai yangu."

"Ningekuwa nimekubeba."

Burulkan mwenyewe hakubebwa na mtu. Aliingia maabara hii akiwa na miaka kumi na tisa, kuosha vyombo vya kioo; ilimchukua miaka ishirini na minane kukifikia kiti cha Mkuu wa Kitivo cha Biolojia.

"Hukutaka kunibeba, sawa. Kwa nini hukujiondoa kwenye jopo?"

Burulkan akainua jicho sasa. Anayejiondoa huandika sababu, na sababu ilikuwa miaka mitatu ya kupendana kwa kujificha.

"Niliogopa watasema Mkuu amejitafutia bwana miongoni mwa wahadhiri wake."

"Kwa hiyo ua ukalitendea haki, mimi ukanifungia kabatini."

Simu ikalia mezani. Ujumbe wa Mama Zuura, mama yake Kubat: "Binti, hereni za uchumba nimeshazing'arisha. Jumamosi nije kukuvisha, au huyu mwanangu kakuudhi?"

Kubat aliusoma ukiwa juu chini, kutoka upande wa pili wa meza.

"Usimjibu. Mwezi wa tano nitapanda tena mlimani, nitarekebisha lebo. Hapo uko sahihi, Profesa. Lakini sitaoa mtu anayenijua jikoni tu."

Akatoka.

Burulkan akavuta karatasi, akaandika mistari michache, akaipeleka kwa Nazgul, katibu wake, aliyekaa karibu na ngazi.

"Ibandike kwenye ubao wa matangazo, kama kanuni inavyotaka."

Nazgul akaisoma kwa sauti, taratibu, kana kwamba haamini macho yake:

"Ninajiondoa katika jopo litakalosikiliza upya tasnifu ya Kubatbek Jeenaliev, kwa kuwa ni mchumba wangu. Nilipaswa kujiondoa jana pia." Akashusha karatasi. "Profesa, wanaweza kukuvua ukuu."

"Wanaweza."

"Na wanafunzi wote hupita hapa."

"Basi ibandike usawa wa macho."

Chini kwenye ngazi, hatua zilizokuwa zikishuka zilikuwa zimesimama. Sauti ya Kubat ikasikika, akiongea kwa simu:

"Mama, Jumamosi njoo na hereni. Hapana, si kwangu. Njoo kwake, mchana, majirani wote wakuone."