Kilo Kumi na Nne za Ziada

Sanduku la safari lilikuwa limeongezeka uzito, na hakuna mtu aliyetia ndani hata soksi.

Mwenye sanduku hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa amesimama miaka kumi na moja nyuma ya kaunta ya vifurushi ya posta, na wenzake walimwita Mizani kwa sababu mkono wake haukosei. Ukimpa mzigo anauinua, anakutajia kilo, kisha anauweka kwenye mzani ili tu kukuridhisha wewe. Jana sanduku lilikuwa kilo ishirini na tatu, kiwango cha ndege. Asubuhi hii alilishika mpini alisogeze apige deki, likamvuta bega. Akaleta mzani wa kuning'iniza. Thelathini na saba.

Akatoa nguo moja moja, akazikung'uta, akazipanga upya. Hakuna kilichozidi, lakini uzito ulikuwa uleule. Na katika nguo zile, alizozifua mwenyewe na kuzianika juani, kulikuwa na harufu ya pumzi ya mtu aliyelala kinywa wazi muda mrefu.

Kilo kumi na nne za ziada alizijua vizuri. Ndio uzito aliobeba mgongoni kila siku, uzito wa binti yake.

Binti huyo alikuwa na miaka minne, na nyumbani walimwita Trekta kwa jinsi alivyokoroma. Walicheka wote, mpaka siku trekta ilipozima katikati ya usingizi na mama yake akahesabu sekunde kumi na mbili kabla haijawaka tena. Daktari wa masikio na koo alimulika, akakunja uso. Nyama za puani na mafindofindo vilikuwa vimeziba njia ya hewa. Vitolewe, alisema, na visingoje sana. Nafasi aliyokuwa nayo ni moja, tarehe kumi na mbili, baada ya hapo anakwenda likizo. Na mtoto akishapasuliwa asipande ndege kwa wiki mbili, kwa kuwa kidonda cha koo kinaweza kutoka damu.

Tatizo ni kwamba ndege yao ilikuwa tarehe kumi na tano. Baba mtoto alikwishatangulia ng'ambo kikazi, na viza ilitaka wawe wameingia kabla mwezi haujaisha.

"Ngojeni mfike," mume alisema kwenye simu. "Huku hospitali ni nzuri."

"Foleni yake ni ya muda gani?"

"Miezi saba. Lakini mke wangu, ukisogeza safari na kidonda kikachelewa kupona, viza itaisha. Tutaanza upya."

"Viza huombwa tena, baba. Mtoto haombwi tena. Tunapasua tarehe kumi na mbili, tunapanda ndege tarehe ishirini na saba."

Aliyasema hayo jana jioni sebuleni, kwa sauti, sanduku likiwa chumba cha pili na mlango uko wazi.

Mchana wa siku ile sanduku lilipomvuta bega walikaa mezani watatu, Mizani, mama mkwe wake na Trekta. Mtoto alikuwa anatafuna, macho makavu, hana hata dalili ya usingizi. Ndipo mkoromo ukaanza. Ulitoka chumba cha pili, taratibu, ukipanda na kushuka kama kawaida yake.

Kijiko cha bibi kikasimama njiani. "Mwanangu, unasikia?" alinong'ona.

"Nasikia, mama."

"Mimi nasikia tangu jana usiku. Nilidhani ni mtoto."

"Mtoto si huyu hapa?"

Bibi alimvuta mjukuu kifuani. "Ni jini hilo. Limekaa kooni mwa mtoto, limezoea. Limesikia habari ya safari, likafunga mizigo. Sasa mnataka kulivunjia kiti chake."

"Linataka nini?"

"Aina hii haitaki kitu. Inataka muda tu, usogeze leo, usogeze na kesho. Mwanangu, mwambie daktari baadaye. Nyumba itulie kwanza."

Mizani alisukuma sahani pembeni. Alikuwa anaogopa, lakini hasira ilikuwa imetangulia. "Mama, binadamu wamenisubirisha maisha yangu yote, nikavumilia. Jini nalo linisubirishe? Halitaweza."

Kesho yake, akiwa kazini, alipiga simu hospitali kuuliza mtoto aache kula saa ngapi siku ya upasuaji. Muuguzi wa ratiba alishangaa.

"Mama, si uliahirisha jana? Ulipiga mwenyewe. Ukasema ngoja mfike huko."

Mizani akasema hapana, akarudishiwa tarehe yake. Siku iliyofuata alipiga tena kuhakikisha, akakuta imefutwa mara ya pili. Sauti ni yako kabisa, muuguzi alimwambia, hata kile kikohozi chako. Na kuna mtoto mwingine anaingoja nafasi hii, mama, kwa hiyo amua.

Alisema tarehe ni ileile, akaomba ruhusa akarudi nyumbani saa nane mchana, jua kali, watu wanapita njiani na shughuli zao. Bibi alikuwa uani anaanua nguo. Trekta alikuwa amelala kitandani, na mkoromo wake ulisikika tangu mlangoni, jambo lililomtuliza mama mtu kidogo, akaingia chumbani akivua viatu asimwamshe, akainama, na hapo ndipo alipoona kwamba kifua cha mtoto hakipandi wala hakishuki, midomo imeanza kupauka, ilhali mkoromo unaendelea vilevile nyuma ya mgongo wake, mnene, wenye raha zote, na harufu ile ya kinywa kilicholala imejaa chumba kizima, na zipu ya sanduku inafunguka yenyewe jino kwa jino kutokea ndani, na katikati ya mkoromo sauti yake yeye mwenyewe, yenye kikohozi chake, inamwambia kwa upole, ngoja, mama, ngoja tufike.

Hakugeuka. Alimnyakua mtoto, akamwinua kichwa, akamtikisa mabega na kumwita, mpaka mtoto akavuta pumzi kwa kishindo na kuanza kulia. Ndipo akaligeukia sanduku, jasho likimtiririka.

"Sauti umeiba," alisema. "Mwanangu humwibi. Tutaonana hospitali, kama unayo miguu."

Akamfunga mtoto mgongoni, akaenda.

Kwenye dawati la ratiba hakulia wala hakubembeleza. Alizungumza kama anavyozungumza kaunta. "Dada, posta kwetu kifurushi hakibadilishiwi anwani kwa simu, hata apige nani. Mtumaji anakuja mwenyewe, anaonyesha kitambulisho, anaweka saini mbele ya karani. Niandikie hivyo kwenye faili la mwanangu. Tarehe kumi na mbili haisogezwi mpaka mtu aweke saini na dole gumba hapa, mbele yako."

Muuguzi alitabasamu, akaandika. Mizani akaweka saini, akabonyeza gumba kwenye wino.

Wino haujakauka simu ya dawati ikalia. Muuguzi alipokea, akasikiliza, tabasamu likamtoka usoni. Alimtazama mwanamke aliyekaa mbele yake, mdomo umefungwa, mtoto mgongoni. Akaziba simu kwa kiganja.

"Ni wewe," alinong'ona. "Ni wewe, unaahirisha."

Mizani alijiegemeza kwenye dawati kwa viwiko, kama mteja mwenye haki zake. "Mwambie sawa. Aje aweke saini."

Muuguzi alilirudia neno hilo kwenye simu. Wakangoja. Ukasikika mkoromo mmoja mrefu, kisha simu ikakatika. Muuguzi alichomoa waya wa simu ukutani, na siku zote zilizobaki aliwaambia watu waje wenyewe.

Tarehe kumi na mbili Trekta aliingia chumba cha upasuaji saa mbili asubuhi. Alipotolewa alikuwa amelala kimya, na kimya kile kilimtisha mama yake kuliko mikoromo yote, akaweka sikio kwenye pua ya mtoto. Hewa ilikuwa inaingia na kutoka, nyepesi, bila kukwama popote. Hapo ndipo alipolia.

Sanduku lilikuwa bado kilo thelathini na saba. Kiti kimevunjwa, lakini abiria alikuwa bado anataka kusafiri. Siku yake ya mwisho kazini Mizani alilifunga kamba, na nguo zake zote nzuri ndani, akalipeleka kaunta alikosimama miaka kumi na moja. Mwenzake waliyemwita Gundi alichukua fomu.

"Mpokeaji?"

"Hana."

"Mtumaji?"

"Hana pia."

"Shoga, unajua hilo litaishia ghala la vifurushi visivyo na mwenyewe. Halitoki huko."

"Ndiko linakokwenda."

Tarehe ishirini na saba walipanda ndege, yeye, mtoto na mkoba mmoja. Kwenye ngazi alimpakata Trekta, na mkono wake ukamwambia kumi na tano. Mtoto alikuwa ameanza kula.

Wiki ya tatu ng'ambo, Gundi alipiga simu. Mizani alikuwa amekaa kando ya kitanda, Trekta amelala chali, kinywa kimefungwa, mzima.

"Mizani," Gundi alinong'ona, "lile sanduku lako ghalani linakoroma. Na linaongea kwa sauti yako. Linauliza litatoka lini."

Mizani alimfunika mtoto miguu vizuri.

"Liambie lingoje," alisema.