Deki Iliyommeza Mama

Mtaa wa vyombo vya umeme vya mitumba ulifurika watu, na mikono miwili ikaidaka deki moja ya kuchezea sidii. Mmoja ulikuwa wa fundi wa viyoyozi, ovaroli ya buluu imejaa vumbi. Mwingine wa mfamasia, gauni la njano limemkaa hasa.

"Dada, hiyo nimeiona mimi."

"Umeiona, kaka. Mimi nimeishika."

"Mimi nataka vipuri tu. Siku hizi nani anatazama sidii?"

Tabasamu likamtoka mfamasia. "Harusi ya dada yangu. Marehemu mama anaongea humo. Sauti yake sina kwingine."

Fundi akaiachia deki, na moyo wake ukaenda nayo.

Mapenzi yakakolea kwa simu. Fundi akajitolea kuiunganisha deki nyumbani kwake mwenyewe, maana televisheni za kisasa hazina matundu ya zile nyaya nyekundu, nyeupe na njano. Mfamasia akamkabidhi deki pamoja na sidii, imeviringishwa kwenye kitambaa laini.

"Usiicheze mpaka nije, mpenzi."

"Naahidi, malkia wangu."

Lakini kiherehere! Alipopata hatimaye kifaa cha kuunganishia, akataka kumshangaza. Deki ikaivuta sidii, ikakwaruza, ikanyamaza. Akabonyeza na kubonyeza, trei haikutoka. Mtu anayening'inia ghorofa ya tisa bila wasiwasi akalowa jasho chumbani kwake.

Simu ikaita. Mpenzi. Hakupokea. Angemwambia nini? Ikaita siku nzima, naye akaifukia chini ya mto.

Kesho yake jioni mfamasia akagonga mlango, macho mekundu.

"Yuko wapi huyo mwanamke?"

"Mwanamke gani?"

"Anayekukataza kupokea simu zangu!"

Fundi akaonyesha deki mezani. Skrubu zote zilikuwa nje, kifuniko bado mahali pake.

"Mama yako yumo humo. Nimevunja ahadi. Naogopa kufunua, nikute imepasuka, uondoke."

Mfamasia akavuta kiti, akakaa.

"Mimi pia naogopa," akasema. "Tangu tumzike sijathubutu kuitazama. Ulipochelewa kuiunganisha, nilifurahi kimoyomoyo. Fungua. Ikiwa imepasuka, tutalia wote."

Fundi akafunua. Mkanda wa mpira wa kuvutia trei ulikuwa umechomoka. Sidii nzima, ila mkwaruzo mmoja. Akaurudisha mkanda, wakashikana mikono, akabonyeza.

Picha ikacheza vipande vipande, kisha mama akatokea na kilemba chekundu, mpiga video akimsogezea kipaza sauti.

"Huyu nimeshamwoza," mama akacheka. "Sasa namwombea kitindamimba wangu, naye apate mtu..."

Picha ikaganda, mama mdomo wazi. Wakarudisha nyuma, ikaganda palepale. Mfamasia akalia kwa kwikwi.

"Mtu gani, mama? Mtu gani?"

"Ni mkwaruzo wangu," fundi akanong'ona. "Mimi ndiye niliyemkatisha."

"Basi malizia wewe!"

Fundi akamgeukia. Hakuwahi kuogopa namna ile.

"Apate mtu mwoga, anayempenda kufa. Nikuoe?"

Mfamasia akamtazama mama, aliyeganda kana kwamba naye anangoja jibu. Akafuta machozi.

"Nioe. Lakini simu yangu ikiita, pokea."