Shanta la Hillow

Mikanda ya shanta ilikuwa na joto. Hilo ndilo jambo la kwanza Rukiya aliloligundua, asubuhi moja ya Machi, alipotoka kwenye roshani ya fleti yao, juu kabisa ya jengo moja la mtaa wa Ladywood, ughaibuni, kulichukua shanta ambalo mumewe aliliacha nje likauke. Kamba ya kuanikia nguo ilikuwa imeganda barafu. Vidole vilikuwa vikimuuma kwa baridi. Lakini ile mikanda ya mabegani ilikuwa na joto la mwili, kama iliyovuliwa na mtu sasa hivi.

Alijiambia ni jua. Jua lenyewe halikuwapo.

Hillow alikuwa amelinunua baada ya kiwanda cha magari kule Washwood Heath kusimamisha kazi. Kwa miezi alikaa akitazama ukuta, mpaka Gurmit, Mhindi mzaliwa wa Kisumu waliyefanya naye kazi, alipomtoa nje na kumzoesha kutembea. Walianza kando ya mifereji, wakaenda vilimani, kisha wakapanga kufuata mpaka wa Wales kwa miguu, siku nyingi mfululizo. Gurmit alikuwa na begi jipya, jepesi. Hillow akaenda kwenye duka la vitu vilivyotumika jeshini, akarudi na shanta la kijani lenye mifuko mikubwa ubavuni na fremu ya chuma.

"Mbona ni zito hata likiwa tupu?" Rukiya aliuliza.

"Zito, lakini halipasuki, Ruki. Hili limeona vita."

Alisema akicheka. Rukiya hakuwa amemwona akicheka tangu kazi ilipokwisha, akamwachia shanta lake.

Baada ya asubuhi ile, shanta likaanza kunuka. Ilikuwa harufu ya udongo mbichi na mafuta ya bunduki, na chini yake harufu ya nywele zilizolowa. Rukiya alilifua kwenye bafu kwa sabuni ya unga, akalisugua mpaka mikono ikamchubuka, na harufu ikabaki. Mchana, akiwa peke yake jikoni, alisikia kifungo cha mkanda wa shanta kikifunguka kwenye korido, tak, halafu cha pili, tak, taratibu, kama mtu aliyechoka anayetua mzigo. Alipochungulia, shanta lilikuwa limeegemea ukuta, na vifungo vyote vimefungwa.

Jioni aliona mabega ya Hillow yamevilia damu.

"Umebeba nini humo?"

"Maji na hema tu, wallahi," alijibu bila kumtazama. "Usiliguse tena."

Hillow na Gurmit waliondoka Aprili. Siku ya tatu Gurmit akapiga simu, akinong'ona.

"Shemeji, huyu bwana hasimami."

"Hasimami vipi?"

"Tangu jana hajalala. Nikimwambia tupumzike anasema bado, wenzetu wako mbele. Mbele hakuna mtu, shemeji! Leo nimelivuta shanta kwa nyuma ili nimzuie..." Rukiya akasikia mvua upande wa pili. "Kuna kitu ndani kimenishika mkono."

Gurmit alimrudisha kwa treni, akamfikisha mlangoni, akakataa kuingia. Hillow aliingia amejikunja kama kizee, soksi zimegandana na damu, shanta bado mgongoni, na Rukiya alipojaribu kuifungua ile mikanda aliona imezama kwenye nyama ya mabega yake, na kila alipoivuta kitu kilichokuwa nyuma ya Hillow kilijisogeza juu kidogo, kama mtoto aliyebebwa anavyojisogeza asije akateleza.

Alimwita Sheikh Issack, aliyesomesha Kurani msikitini kwao na aliyewahi kuwasomea watu wengi wakapona. Alikuja adhuhuri, akafunga madirisha, akaanza kusoma. Alisoma mpaka sauti ikamkauka. Ndipo Hillow akafungua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Nilikuwa na mtu wangu," ilisema. "Tangu azaliwe nilikuwa naye. Akaanguka njiani. Mimi sikuanguka."

Sheikh akajifuta jasho. "Karini," alimnong'oneza Rukiya. "Jini anayezaliwa na mtu. Mwenye shanta amekufa, yeye amebaki." Kisha akasema kwa nguvu, "Shuka, kwa jina la Mola wako!"

"Nishuke wapi? Sina kwetu."

Sheikh akasoma tena, akamnyunyizia maji ya zamzam, na mikanda ikalegea yenyewe. Walilichoma shanta uwanjani nyuma ya jengo mpaka ikabaki fremu nyeusi. Hillow alikula wali sahani mbili, akalala, na Rukiya akalia kwa shukrani.

Asubuhi Hillow alisujudu akashindwa kuinuka.

"Ruki," aliita, paji la uso likiwa bado kwenye msala. "Nisaidie."

Rukiya alikimbia akainama kumshika mgongoni, na mikono yake ikakoma hewani kabla haijafika kwenye shati, imegota kwenye kitu baridi kilicholowa, kisichoonekana, kilichokuwa kikipumua polepole kama aliyelala usingizi mzuri.

Sheikh Issack hakurudi. "Mwanangu, nimesoma yote ninayoyajua," alisema kwenye simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa. Gurmit aliacha kupokea simu.

Ikawa Hillow anatembea, kwa kuwa akitembea mzigo ulipungua kidogo, na akisimama ulimkandamiza mpaka mbavu zikalia. Alizunguka mitaa ya Ladywood kutwa, akirudi amekonda zaidi, na Rukiya alimfungulia mlango, akamlisha akiwa amesimama, akamfungulia tena atoke.

Mchana mmoja wa Juni aliporudi alishindwa kuvuka kizingiti. Alijishika kwenye mlango, midomo imekuwa ya bluu.

"Ruki, nakufa. Nibebee. Kidogo tu, nivute pumzi."

Rukiya alimtazama. Mumewe huyu, waliyekua naye Isiolo, aliyemvusha bahari na kumleta hapa, hakuwa na pumzi ya kuomba mara ya pili.

Akafunga leso yake vizuri kiunoni, akamgeuzia mgongo, akachuchumaa.