Ngoja Ipoe

Mukaribie, batoto, na wewe wa mulangoni, funga. Muntu asikohoe. Hii maneno inasemwaka kwa sauti ya chini, sababu mwenyewe angali anasikia.

Ilianza na harufu. Pale Karuba, ndani ya nyumba ya Maurice, saa sita ya mchana kulinuka kitunguu saumu, na muke wake Fifi hakuwa amenunua hata kimoja. Fifi alinusa masufuria, akanusa nguo, akamunusa na mutoto wao Kétsia. Ile harufu waliijua. Ilikuwa ya kinywa cha Mama Léontine, mama ya Maurice, aliyezikwa juma moja mbele ya siku ile.

Maurice alikuwa anatengeneza vibao vidogo vyeusi. Unaweka kimoja juu ya mbabula, ile jiko ya makala, juu yake sufuria ya maji baridi, na kati ya moto na baridi njo umeme unatoka: taa inawaka, telefone inachajiwa. Papa Valentin, muchuruzi wa Butembo aliyemununulia vibao auzishe, alimuletea masanduku yaliyoharibika, yale ya kupozea vinywaji ndani ya gari. Vijiwe vya ndani vinatwangwa, unga unakandamizwa ndani ya chuma, halafu unachomwa ndani ya tiyo, bomba ya chuma iliyofungwa; si moto wa kuyeyusha, moto wa kushikamanisha tu. Unga ukiwa na chenga, moto unapita wote mpaka juu, na taa inakufa. Ukiwa laini sana, moto unakwama, umeme unapita.

Na nani Karuba nzima alijua kutwanga laini kupita Mama Léontine? Alimutwangia mutoto wake vijiwe miezi mine, kinywa wazi, akiimba, akimeza vumbi yao. Kinywa kikaanza kunuka saumu. Akamutania Maurice: "Unanilisha kitu gani nisichokiona?" Maurice alicheka. Kitambaa cha kujifunga mudomoni hakumupa.

Siku kifua kilimukamata Mama, Fifi aliomba wamupeleke Mweso, hospitali. Lakini tiyo ilikuwa ndani ya makala, na ikifunguliwa ingali moto, hewa inaingia, vibao vyote vinaharibika. Mama aliita mara mbili kutoka kitandani. Maurice alijibu bila kugeuka: "Ngoja ipoe, Mama."

Ilipopoa, Mama pia alikuwa amepoa.

Kinu yake waliigeuza chini juu, vile inafanywaka mpaka kilio kiishe. Lakini vijiwe vilibakia, Papa Valentin alikuwa anangojea vibao vyake, na Maurice akaisimamisha mbele kilio kiishe, akatwanga. Njo harufu ikaingia. Kisha sauti: kila saa sita, jua likiwa kichwani, tu, tu, tu, na Fifi akikimbia uani alikuta kinu tupu na muchi ungali na joto ya mikono, mpaka siku ya ine, alipomukuta Kétsia wa miaka sita amesimama pale anatwanga hewa, macho hayapepesi, kinywa kinanuka saumu, anauliza kwa sauti ya mumama muzee, pole pole, kama mugonjwa anayeogopa kusumbua: "Imepoa?"

Waliita Papa Luc, muwindaji wa Walikale anayejua desturi za zamani. Hakupiga ngoma, hakuchoma kitu. Aliuliza Maurice alimuambia mama yake nini. Maurice alisema, akiangalia chini. Aliuliza kama iko tiyo ingine motoni. Iko.

"Basi angali anangoja," Papa Luc alisema. "Umujibu leo, ao atamubeba huyu mudogo amusaidie kungoja."

Maurice alivuta ile tiyo kutoka makala, akaifungua, mikono ikiungua. "Mama, haijapoa. Lakini nimekuja."

Moshi wa saumu ulitoka. Vibao vilivunjika kama majivu. Kétsia aliacha muchi, akaomba maji.

Kinu alirithi Kétsia, na haitwangi kitu mpaka leo. Kitenge cha Mama alirithi Fifi. Papa Valentin alirithi majivu. Maurice alirithi makovu ya mikono na kibao kimoja, kile cha unga wa kwanza mama yake alitwanga. Anakiwekaka juu ya kiganja, bila mbabula, bila sufuria, na taa inawaka. Upande wa chini iko joto ya mukono wake. Upande wa juu, ile baridi iko ya mukono wa nani, yeye anajua.