Vibati vya Mgodi Uliofungwa

Bingwa, fundi redio, hakuwa na tabia ya kuaga wala kusalimia. Jioni ile alimwambia mkewe, "Nikirudi nikute maji ya kuoga," akatoka bila hata kumtazama usoni. Kwake yeye dunia ilikuwa na watu wa aina mbili tu: Bingwa, na wajinga.

Mjinga wa karibu zaidi alikuwa rafiki yake, mshona viatu mwenye banda jirani na lake. Huyo ndiye aliyebebeshwa jembe. Bingwa alibeba mashine ya kutafutia vyuma ardhini, aliyoiunda mwenyewe kwa mabaki ya redio mbovu, na njia nzima hadi mgodini alijisifu mpaka mwenzake akaacha kuitikia.

Walifika jua likizama. Mdomo wa mgodi ulikuwa umezibwa kwa zege miaka mingi iliyopita. Mbele yake palikuwa na msingi wa kibanda kilichobomoka, na nyasi.

Mashine ikalia.

Wakachimba. Vikatoka vibati vya shaba, vimefanya kutu ya kijani, kila kimoja kina tundu na namba. Bingwa akasugua kimoja kwa kidole gumba, macho yakimng'aa. Mshona viatu akaliweka jembe chini polepole.

"Virudishe, kaka," akasema. "Baba yangu alifanya kazi humu. Kila aliyeshuka alitundika kibati chake ubaoni, kwenye kibanda hiki. Akipanda, anakichukua. Kibati kikiondoka ubaoni, watu wanajua mwenyewe ametoka. Hivi havikuchukuliwa..."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo wenyewe wako chini. Ukichukua, umesema wametoka."

Bingwa akacheka mpaka akashika mbavu. "Mtu mzima, una mke na watoto, unaogopa bati." Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Akakipitisha kibati kwenye uzi, akakivaa shingoni, akaliendea lile zege na kulipiga teke. "Haya, wewe, toka. Zamu yako imekwisha. Mimi nitakushikia nafasi."

Ikaja harufu... udongo mbichi, na mafuta ya taa.

Kisha kikohozi. Kirefu, cha kifua kilichojaa vumbi.

Kilitoka nyuma ya zege.

"Umesikia?" mshona viatu akanong'ona.

"Mwangwi huo. Ndiyo maana uliishia kushona viatu."

Mshona viatu alifukia vibati vilivyobaki kwa mikono yake, akashika njia haraka, jembe akaliacha palepale. Bingwa akakunja waya za mashine bila haraka, maana kukimbia ni kazi ya wajinga.

Njiani kitu kikampita begani. Hakuona mtu. Alisikia buti nzito, na maji yakidondoka... tap... tap...

Mbele, gizani, akasikia sauti ya rafiki yake ikisema kwa faraja, "Afadhali umenisikia, kaka. Twende nyumbani."

Kulikuwa na watu wawili kule mbele. Wa pili alitembea kwa ule mwendo wa kurusha bega ambao mtaa mzima uliujua. Mwendo wa Bingwa.

Bingwa akaita. Hakuna aliyegeuka. Akaita tena, na safari hii aliona aibu kwa jinsi sauti yake ilivyokuwa ya mtu mwenye hofu.

Alipofika kwake, mlango ulikuwa umefungwa. Akagonga.

"Nani?" mkewe akauliza kutoka ndani.

"Nani tena? Fungua, mwanamke."

Ndani mtu alikuwa anaoga, anajimwagia maji taratibu. Akakohoa. Kikohozi kile kile cha nyuma ya zege.

"Mke wangu," akanong'ona, neno ambalo hakukumbuka mara ya mwisho alilitamka lini. "Huyo siye. Nakuomba, nifungulie. Mimi ndiye mumeo."

Alimsikia mkewe akisogea na kuegemea mlango. Pumzi zao zilitenganishwa na ubao tu.

"Sauti yako naijua," mke akasema kwa kunong'ona. "Nimeijua tangu ulipogonga."

"Basi fungua."

"Huyu aliyeingia amenisalimia."

Akalikaza komeo kwa ndani.